Mama Turubai na Paa la Kukunja

Mwavuli ulikuwa marufuku kibandani kwake. Ukija nao mvua ikinyesha, ulitakiwa uukunje ukiwa bado nje, ulowe hatua tatu za mwisho kama binadamu wengine, ndipo uingie. Mwavuli, alisema, ni paa la mchoyo: unamfunika mmoja na kumdondoshea jirani. Wageni walidhani anatania. Sisi tuliomzoea tulikunja bila kuambiwa.

Tunduma nzima ilimwita Mama Turubai, na mimi sitamwita vinginevyo hapa. Ukoo wake, mwaka aliofika mpakani, mume alikuwa nani, hayo waulize wengine. Mimi nilimjua kwa kazi yake, na kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya malori pale foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, inapoanza kubana. Kazi yangu mimi ni kuendesha magari ya IT, yaani yale yanayoshushwa melini Dar es Salaam tukayaleta kwa barabara hadi mpakani, wenyewe wakaja kuyapokea wakitoka ng'ambo. Gari linakuwa langu kwa siku mbili, halafu silioni tena maisha yangu yote. Nimeendesha magari mazuri kuliko matajiri wengi, na nyumbani nina baiskeli.

Turubai la lori la semi likitandazwa chini ni pana kuliko kiwanja cha watu wengi. Yeye aliingia katikati yake, akakaa na miguu kainyoosha mbele, akaanza kulivuta kuelekea kwake, pindo baada ya pindo. Ikifika saa nane mchana unaona kitambaa cheupe cha kichwani tu, kingine chote ni turubai. Alishona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na kiganjani alivaa kipande cha ngozi ya kiatu cha kuisukumia. Uzi aliupitisha kwenye donge la nta ya nyuki mara tatu, si mbili. Cherehani kubwa ya kukanyaga alikuwa nayo, lakini aliitumia kwa kazi asizozijali. Cherehani, alisema, inashona kabla haijafikiri.

Nilichokuwa nakishangaa zaidi ni jinsi alivyosoma. Shule sidhani kama aliimaliza, lakini mpe turubai lililochoka, atalipitisha mikononi kimyakimya kisha atakwambia lilifunika nini, lilipita wapi, na dereva wake ni mtu wa namna gani. Siku moja dereva wa Kizambia, mtu mzima na tumbo lake, alileta turubai lenye matundu yaliyojipanga mstari upande mmoja. Mama Turubai akayagusa kwa kidole, moja baada ya jingine, akamwambia hayo si matundu ya kamba, ni ya mnyororo, na anayefunga kwa mnyororo upande wa kushoto tu ni mtu anayefunga akiwa amekasirika. Akamuuliza amegombana na nani. Yule baba alicheka, halafu akaacha kucheka. Alikaa pale mpaka turubai lilipokwisha, akisimulia habari za mwanawe aliyemkimbia, na alipoondoka aliinama kidogo kwa heshima za kwao, akamshukuru kwa Kibemba, "Natotela, bamayo." Tangu siku ile hata Wazambia wakawa wanashusha sauti wakipita kibandani.

Kuna kisa kinachosimuliwa mpakani mpaka leo na kila msimuliaji anakiongezea chumvi, lakini mimi nilikuwepo. Lori moja lililobeba mbolea lilipasuka turubai juu kabisa, katikati ya foleni. Mama Turubai hakutaka kulishusha, akapanda ngazi na shazia yake mdomoni, akakaa juu ya mzigo na kuanza kushona. Foleni ikasogea. Akashona. Ikasogea tena. Akashona. Lori lilipita geti, likapita kwa maofisa, hakuna aliyeinua macho kuangalia juu. Alipofunga fundo la mwisho na kukata uzi kwa meno, akainua kichwa akakuta yuko Nakonde. Alishuka, akarudi kwa miguu, akaenda moja kwa moja dirishani kwa ofisa kujishtaki. Ofisa alimwuliza amevuka kwa karatasi gani. Akamwonyesha sindano.

Usidhani alikuwa malaika. Kinyozi hajinyoi, na kibanda chake kilivuja kuliko kibanda chochote cha barabara ile. Masika alikuwa akihamisha kigoda huku na huko kukimbia matone, huku ameshika mapaa ya watu wengine mikononi. Kanisani aliimba sauti ya pili na hakuipata hata siku moja. Mwalimu wa kwaya alijaribu kumshauri akae kwenye kamati ya maua, naye akamjibu kwamba Mungu ndiye aliyemshona koo, malalamiko yapelekwe huko. Na mdomo wake haukuwa na turubai. Soksi zako zikinuka alikwambia. Mkeo akiwa amekonda alikuuliza, mbele za watu, unamlisha nini. Nilimwona akimwambia mchungaji kuwa mahubiri yake ya Jumapili iliyopita yalikuwa na kiraka. Jambo alilolijua lilitoka, kama maji yatokavyo kwenye turubai bovu. Hilo naomba ulishike, maana nitalirudia.

Lingine la kushika: hakumdhamini mtu. Mpwa wake wa damu alitaka kazi ya funguo kwa wakala wa forodha, yaani ya kukabidhiwa magari ya watu, kinachohitajika ni neno la Mama Turubai tu, maana mpakani pale neno lake lilikuwa muhuri. Alikataa. Alisema turubai unaweza kulishika ukaona uzi wake, lakini mtu umemfunua saa ngapi? Dada yake alimnunia mwaka mzima. Hakurudi nyuma.

Sasa nifike kwenye lile gari, na nianze na kosa langu.

Ilikuwa karibu na Krismasi. Wakala wa forodha aliyekuwa akinipa kazi alinikabidhi gari ambalo sijapata kuliendesha kabla wala baada. Lilikuwa gari dogo la Ulaya, milango miwili, rangi ya bluu iliyoiva, na paa lake ni la bati gumu kama la gari lolote. Ukilitazama huwezi kujua. Lakini ukifungua vishikizo viwili juu ya kioo cha mbele, ukabonyeza kitufe pembeni ya breki ya mkono, buti linajifungua kinyumenyume, paa linanyanyuka lenyewe, linajikunja, linalala ndani ya buti, na buti linajifunga. Unabaki umekaa ndani ya gari na mbingu yote ni yako. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Zambia, na alipanga kuja kulipokea.

Dereva wa IT hatakiwi kugusa kitu. Nailoni za viti haziondolewi, redio haiwashwi, abiria hapakiwi. Nilijua. Nilivumilia kutoka Dar mpaka Makambako, na hiyo ni safari. Lakini tulipoteremka Igawa na joto la Usangu likaingia, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikabonyeza. Sitasema uongo, nilipiga kelele peke yangu. Niliendesha na upepo kichwani, watoto wanakimbia pembeni ya barabara, wanawake wanaouza vitunguu wanaacha vitunguu. Nilijiona nimeumbwa upya.

Igurusi nikasimama kununua mchele. Kwetu ni Ibaba, huko milimani Ileje, mahali pa mahindi na baridi. Mchele ni chakula cha sikukuu, na mama yangu alikuwa akiusubiri. Nikajaziwa kiroba cha salfeti, ule mfuko wa nyuzi za plastiki, chenye mstari wa bluu, nikakopa kalamu ya wino mzito nikaandika IBABA ili makondakta wa basi wasikosee. Nilianza kwa herufi kubwa mno, A ya mwisho ikabanwa pembeni mpaka ikalala. Kisha nikafungua buti.

Paa lilikuwa limelala mle, na chini yake palikuwa na nafasi ndogo iliyotengwa kwa pazia jembamba la kitambaa, limevutwa na kushikizwa kwa ndoana huku na huku. Kiroba hakikupita. Nikalichomoa pazia upande mmoja. Bado. Nikakisukuma kiroba kwa goti, nikasikia kitu kinaachana, prrr. Ufito wa pazia ulikuwa umekatika na kitambaa kimechanika kwenye ndoana. Nikajiambia ni kitambaa tu. Nikalisokota nikalitupia pembeni.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nilipofika Mlowo mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya barabara. Nikasimama, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena, nikaomba, nikabonyeza. Mvua ya Mbozi haibishi hodi. Nilipita Vwawa nimevaa mfuko wa nailoni kichwani, maji yanacheza miguuni, na watu waliokaa vibarazani walisimama kunitazama kwa huruma. Sikuwahi kuona barabara ndefu kama ile.

Tunduma nilikimbilia kwa Mama Turubai. Aliponiona hakucheka, na hilo lilinitisha. Alisema ngoja, akaingia ndani kutafuta turubai la kunifunikia. Alipokuwa huko nilikitoa kiroba haraka, nikakificha nyuma ya kibanda, chini ya lundo la vipande vibovu. Akatoka na turubai, tukafunika gari.

Wakala alipokuja, kesho yake asubuhi, hakupandisha sauti. Alisema mwenye gari anafika siku inayofuata, mchana. Paa lisipofunga kabla hajafika, nisije tena kuomba funguo kwake, na nisisumbuke kwenda kwa mawakala wengine, maana atakuwa ameshazungumza nao. Mpakani sisi wote tunakula kwa jina. Ukiitwa mharibifu mara moja, utaishia kusukuma mkokoteni wa mizigo.

Wakaletwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha fyuzi zote. Wa pili alifuata nyaya mpaka chini ya viti, akatoa mazulia, akakuta kila kitu kizima. Wa tatu, yule mwenye sifa kubwa, alisema pampu ya mafuta inayosukuma paa imekufa, na nyingine inapatikana Ulaya. Jioni iliwakuta wameinamisha vichwa, nami nimekaa juu ya tairi kuukuu.

Siku ya tatu asubuhi mvua ilipumzika. Mama Turubai akaja kulichukua lile turubai kwa sababu mwenye lori alikuwa amelifuata. Sasa, yeye alikuwa na desturi moja. Hakufunika wala kufunua kitu bila kutafuta maji yanaingilia wapi. Akalizunguka gari. Akachungulia ndani ya buti, akanyoosha mkono, akalitoa lile pazia lililosokotwa. Akalinyoosha juu ya paja lake.

Akauliza kitambaa hiki ni cha nini. Fundi mwenye sifa alicheka, akamwambia ni pazia tu la mizigo, Mama, halihusiani.

Aliligeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, taratibu.

"Hakuna mtu anayeshona pindo mara mbili kwa kitu cha tu," akasema.

Akaomba kigoda chake kiletwe. Akakaa nyuma ya gari la kifahari kana kwamba ni lori la mahindi, akachomoa njiti ya baiskeli kwenye vikorokoro vyake ikawa ufito mpya, akatia uzi kwenye nta mara tatu, akaanza kushona. Ndoana iliyochomoka aliikuta imenaswa kwenye kitambaa. Akaitazama karibu na jicho, akaniita niitazame nami. Ilikuwa na ulimi mdogo wa chuma ambao ndoana ya pazia la kawaida haina haja nao. Aliniambia kitu hiki kinamgusa mtu mahali fulani.

Nilikuwa nimechuchumaa pembeni yake. Akaniuliza bila kuacha kushona: "Nani amelitoa pazia hili mahali pake?"

"Lilikuja hivyo, Mama."

Hakuniangalia. Aliendelea kuangalia uzi wake. Akamaliza, akakata kwa meno, akainama ndani ya buti na kulishikiza pazia, ndoana ya kushoto, ndoana ya kulia. Ya kulia ilipoingia tulisikia sauti ndogo, ta. Akamwambia fundi abonyeze.

Fundi alibonyeza kwa mzaha, mkono mmoja kiunoni.

Buti lilihema, likajiinua. Paa likaamka kutoka ndani yake kama mtu anayenyanyuka kitandani, likajinyoosha angani, maji ya mvua ya juzi yakichuruzika pembeni, likaja, likakaa mahali pake juu ya kioo cha mbele bila hata kubisha. Madereva waliokuwa kwenye foleni waliteremka. Mbadili fedha mmoja alisimama na noti mkononi akasahau ni za nani. Fundi mwenye sifa alivua kofia. Ndipo tulipoelewa sote: gari lile limefundishwa kutolisogeza paa mpaka pazia liwe limeshikizwa, lisije likaponda mzigo wa mtu. Mafundi watatu walitafuta chumani kitu kilichokuwa kwenye kitambaa.

Yeye hakushangilia. Alikaa kwenye kigoda akasema lifunguliwe tena. Likafunguliwa. Lifungwe. Likafungwa. Mara saba nilihesabu, mpaka wakala, aliyekuwa amekuja kuona, akaanza kuililia betri. Kila mara alitazama sehemu nyingine: linapoinama, linapojikunja, linapopumzika. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliye ibadani, lakini aliyesikia sauti ya pili ikipatikana kwa mara ya kwanza.

Halafu wakala akauliza swali nililokuwa nalikimbia. Nani alilichana pazia? Nikasema tena kwamba lilikuja hivyo. Akaniuliza kama nina hakika. Watu walikuwa wengi, wote wakisikiliza.

Mama Turubai alikuwa anakusanya uzi wake. "Huyu namjua," akasema. "Hagusi cha mtu."

Yeye ambaye alimkatalia mpwa wake. Wakala aliinua mikono, akasema kama ni wewe Mama uliyesema, basi, akaenda zake kupeleka karatasi. Mwenye gari alifika mchana ule, akalipokea, akavuka nalo paa likiwa wazi, kilemba chake kinapepea. Sisi tukabaki.

Mchana uleule Mama Turubai alitupikia, mafundi na mimi, kibandani. Ulikuwa wali mweupe na maharage, na harufu yake iliwaita watu kutoka mbali. Nikausifia. Nikasema huu ni mchele wa Usangu hasa. Akaniongezea sahani ya pili, akasema kula mwanangu, jisikie kwako. Nikala mpaka nikafungua kishikizo cha suruali. Baadaye, watu walipotawanyika, nilizunguka nyuma ya kibanda kuchukua kiroba changu. Hakikuwepo. Nikafukua lundo lote la vipande. Hakikuwepo. Nikasema wezi wa Tunduma hawalali, halafu moyoni nikawashukuru, maana ushahidi ulikuwa umeondoka. Mama yangu alikula ugali Krismasi ile.

Neno la Mama Turubai lilinifuata kila nilipokwenda. Mawakala wasionijua waliniita: wewe ndiye yule asiyegusa cha mtu? Nikapewa magari ambayo madereva wazoefu hawakupewa. Nami nikawa na hofu ya ajabu. Nikikaa kwenye usukani, nikitamani kuwasha redio, nasikia sauti yake. Abiria wananisimamisha Mbalizi usiku wa baridi, nami napita moyo unaniuma. Nilikuwa naogopa neno lisilo langu lisije likachanika mikononi mwangu. Niliamini kwamba mama yule, msoma maturubai, hodari wa kuona kila kitu, alishindwa kunisoma mimi peke yangu, na kwamba siku akijua atakuja kuniambia mbele ya foleni nzima, kwa mdomo wake ule. Miaka ikapita. Hakuniambia. Nikawa na uhakika kuwa hajui.

Halafu vidole vyake vya mkono wa kulia vikakataa kukunja. Alijaribu wa kushoto, akasema mkono huu una mwandiko mbaya. Akafunga kibanda, akaenda Isansa, huko Mbozi, kwenye kahawa yake. Kwaya, nasikia, ilianza kuimba vizuri, na hakuna aliyefurahia.

Mwaka huu, kiangazi, nilikwenda kumwona. Niliamua njiani. Nilikuwa na kiroba cha mchele begani, na moyoni nilikuwa na maneno ya kuungama niliyoyapanga tangu Tunduma, maana nilisikia amezeeka na sikutaka aondoke akiwa na picha yangu ya uongo. Nilimkuta nje ya nyumba, kigodani, shali mabegani. Nikamwamkia, shikamoo Mama. Akaitikia marahaba na papo hapo akaniambia nimenenepa vibaya. Akautazama mchele, akauliza huu ni wa nani. Nikasema wako, Mama. Akasema vizuri, akanionyesha pa kuuweka.

Kisha akainuka kwa fimbo, akasema njoo uone.

Nyuma ya nyumba palikuwa na vichanja vinne virefu vya kukaushia kahawa, kila kimoja na waya wake, kahawa imetandazwa kama vile imepangwa punje moja moja. Mbozi kila mtu anaijua taabu ya vichanja. Asubuhi unafunua, jua la mchana likizidi unafunika kahawa isipasuke, alasiri unafunua, umande ukija unafunika, na wingu likitokea ghafla ukoo mzima unakimbia na manailoni. Kwake hakuna aliyekimbia. Juu ya vichanja vyote palikuwa na paa la turubai, limekatwa vipande vitatu, kila kipande kimeshonewa fito, kinateleza kwenye waya kwa vigurudumu vya mbao. Mwishoni palikuwa na sanduku refu la mbao lenye kifuniko kinachofunguka kinyumenyume. Nilisimama nikashika kichwa. Nilikuwa nimeliona paa lile. Nililiona mara saba, mbele ya foleni, yeye akiwa kigodani.

Aliniambia linavutwa kwa kamba moja, mkono wa kushoto unatosha. Ilimchukua misimu mitatu. Jua la mchana lilikuwa limeshapoa, akaniambia nilifungue.

Nikashika kamba, nikavuta. Haikusogea. Nikakaza miguu nikavuta kwa nguvu zangu zote.

"Pazia kwanza," akasema.

Akanielekeza sandukuni. Alieleza kuwa aliweka kigingi kinachozuia kamba, na kigingi hakitoki mpaka pazia lishikizwe kwenye misumari miwili ya sanduku. Hivyo anayefungua lazima afike pale kwanza, ainame, aone kama kuku ameingia humo au mtoto wa jirani. Kitu kinachojikunja, alisema, lazima kiulizwe kwanza kama kuna mtu chini yake.

Pazia lilikuwa limening'inia pembeni. Nikalichukua. Ilikuwa salfeti, imefifia kwa jua, pindo lake limeshonwa mara mbili. Lilikuwa na mstari wa bluu. Nikalinyoosha, na katikati palikuwa na maandishi ya wino mzito: IBABA. A ya mwisho imelala pembeni, imekosa nafasi.

Maneno yangu yote ya kuungama yaliniisha mdomoni.

"Ule wali," nikasema.

"Ulikuwa mzuri. Ulikula sahani mbili."

Alikuwa anaokota punje mbovu kwenye kichanja kilicho karibu naye, kwa mkono wa kushoto, akizitupa chini moja moja. Mimi nilikuwa nahesabu upya miaka yote. Lundo lile ndilo alilochotea viraka kila asubuhi, kwa hiyo alikuwa ameshakiona kiroba kabla hajaketi kushona. Alijua Ibaba ni kwetu, na alikuwa ameshaujua mwandiko wangu aliponiuliza, na nilipomjibu. Na baada ya hapo ndipo aliposimama mbele ya wakala. Mama huyu, ambaye hakumwonea aibu hata mchungaji, alilikalia jambo langu miaka yote ile.

"Sasa Mama, kwa nini ulimwambia sigusi cha mtu?"

Akatupa punje nyingine. "Umegusa cha mtu tangu siku ile?"

Nikafikiri kweli, kwa sababu kwake huwezi kujibu ovyo. Nikapita barabara yote kichwani, Dar mpaka Tunduma, gari baada ya gari, nailoni zote za viti.

"Hapana, Mama."

"Basi sikusema uongo," akasema. "Niliwahi tu."

Kisha akaniambia niache kusimama kama nguzo, kahawa inasubiri jua. Nikainama, nikachungulia sandukuni. Hapakuwa na kuku wala mtoto. Nikalishikiza pazia, msumari wa kushoto, msumari wa kulia, kigingi kikatoka. Nikarudi nikashika kamba, na paa likaanza kwenda.